Mashine ya kahawa yenye kinu inaposumbua: dalili, chanzo na dawa

Mashine inayosaga buni na kuchuja kahawa kwa mpigo mmoja imekusanya ndani ya mwili mmoja vitu viwili visivyopatana: unga mkavu na mvuke. Kinu kiko juu au ubavuni, maji yanayochemka yako pembeni yake tu, na katikati pana koo fupi la kupitishia unga kwenda kwenye chujio. Kila kahawa ikipikwa, mvuke hupanda, huingia kooni, hukuta unga uliobaki, na siku ya pili pana tope. Malalamiko mengi juu ya mashine hizi yanaanzia hapo, na hewa yetu ya pwani inayazidisha. Yanayobaki karibu yote ni ya maji na umeme.

Kabla ya yote, isome kibandiko

Aghalabu mashine za namna hii haziingii nyumbani kwa njia ya duka. Huletwa na jamaa aliyeko nje, au hutoka kwenye kontena la vitu vilivyotumika, imezongwa nailoni na kitabu chake hakipo. Kwa hiyo kabla hujaichomeka igeuze, tangi likiwa tupu, usome kibandiko cha chini. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukikuta imeandikwa 220–240 V, endelea. Ukikuta 120 V, hiyo ni ya Marekani au Kanada. 100 V ni ya Japani. Hizo mbili ukizichomeka moja kwa moja hutopata muda wa kutafuta dalili. Hita iliyotengenezwa kwa volti 120 ikipewa 230 huvuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyopimiwa. Ya Japani huvuka mara tano. Ukibahatika hukatika fyuzi ya joto peke yake. Usipobahatika inakwenda hita, na bodi inaifuata.

Transfoma inaokoa, lakini iwe transfoma kweli. Hita ya mashine hizi huwa kama wati elfu moja, na juu yake kuna mota ya kinu. Kile kijitransfoma cha kuchajia mashine ya kunyolea hakiwezi kazi hiyo. Tafuta inayozidi wati za kibandiko kwa robo au zaidi, uiweke mahali penye hewa.

Hata hapo, saa ya mashine ya Marekani inaweza kukuchezea. Transfoma hubadilisha volti, mizunguko inabaki ile ile. Kule wanatumia mizunguko 60, na baadhi ya saa za mashine huhesabu mizunguko hiyo ndiyo zipate dakika. Zikipewa 50 hupoteza dakika 10 katika kila saa. Umeitega Ramadhani saa 4 usiku ikupikie saa 10 alfajiri kwa ajili ya daku. Itapika saa 11 na dakika 12. Watu huibadilisha saa kila siku wakidhani betri imekufa, na wala haina betri. Dawa yake ni kuacha kuitega, uiwashe kwa mkono. Ama ile inayorudi 12:00 na kupepesa kila umeme ukikatika, hiyo haina ugonjwa: mashine nyingi hazikumbuki kitu umeme ukishaondoka.

Taa zinawaka, lakini imenyamaza

Hii ndiyo inayopelekwa kwa fundi bure. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alinipigia simu akisema mashine imekufa.

"Shikamoo bibi. Taa inawaka?"

"Marahaba. Inawaka mwanangu, ila haisemi kitu."

"Hebu ukandamize mfuniko wa juu kwa kiganja."

Kinu kikalia mpaka nikakisikia huku, na yeye akacheka.

Watengenezaji wameweka swichi ndogo ndogo chini ya mfuniko wa buni, kwenye mlango wa kikapu cha chujio, na katika baadhi ya mashine hata pale birika la kioo linapokaa. Lengo ni kinu kisizunguke na kidole cha mtu kimo ndani. Unga ukijaa kwenye ukingo, mfuniko unaonekana umefungwa lakini haujaigusa swichi. Umebakisha kama unene wa kucha. Chomoa plagi, safisha ukingo wote kwa mswaki mkavu, funga mpaka usikie "ta". Mlango wa kikapu nao ufanyie hivyo hivyo.

Ikiwa inapika ila haisagi, na birikani yanashuka maji meupe ya moto, tazama kwanza kitufe cha kuzima kinu. Kipo kwa ajili ya wanaotumia kahawa iliyokwisha kusagwa, na watoto hukibonyeza. Na ikiwa umetoka kuwapikia wageni birika la kwanza, ukaunganisha la pili na la tatu, mota imepata joto na kinga yake imeikata. Iache nusu saa. Usiendelee kubonyeza.

Kinu kinazunguka, unga haushuki

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Sauti ya kinu ni ya kawaida, pengine nyepesi kidogo kuliko ulivyozoea, lakini kahawa inatoka rangi ya chai na chujioni pana vumbi la unga tu. Chomoa plagi, toa kikapu, umulike kwa tochi ya simu lile tundu la juu linalotema unga. Likiwa zima unaona njia. Likiwa limeziba unaona bonge jeusi linalong'aa. Lidokoe kwa kijiti cha mishikaki: nje ni gumu, limekauka, ndani bado bichi, lina harufu ya uchachu. Likikaa siku kadhaa bila kutumika huota ukungu mweupe, na ukungu huo ndio ladha ya "godoro bichi" wanayoilalamikia watu wakirudi safari.

Litoe kidogo kidogo ukilivuta chini, upande wa kikapu. Ukilisukuma juu unalirudisha kwenye meno ya kinu, na huko kulitoa ni kazi nyengine. Baada ya kijiti pitisha brashi ndogo kavu. Ya rangi ya maji wanayotumia watoto wa skuli inatosha. Maji yasiguse kinu. Mtu huona uchafu akafikiria kuusuuza, na unga uliobaki kwenye meno ukipata maji hugeuka gundi. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa sawasawa, tena mwisho kabisa, na kwenye koo tu. Kisha usage konzi moja ya buni kavu, unga wake uutupe.

Sasa tafuta kwa nini limeziba, kwa sababu litaziba tena. Mashine nyingi zina kifuniko kidogo mdomoni mwa koo, chenye springi, kinachojifunga kinu kikinyamaza ili mvuke usipande. Chembe za unga zikikaa kwenye bawaba, kifuniko hubaki wazi nusu, na kila upishi unapeleka mvuke juu. Kiguse kwa kidole. Kirudi chenyewe. Kama hakirudi, umeshampata mkosa.

La pili ni tabia ya baada ya kunywa. Wengi huacha machicha ndani ya kikapu, mlango umefungwa, mpaka kesho asubuhi. Machicha hayo yana maji ya moto, na mvuke wake hauna pengine pa kwenda ila kooni. Yatoe mara kahawa ikishashuka, kikapu ukioshe, na mlango uuache wazi mpaka ndani pakauke. Jiko likiwa halina dirisha, iwekee feni kidogo.

La tatu ni buni yenyewe. Iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta haifai kwa mashine hii, hata iwe nzuri namna gani. Mafuta hushika kwenye bakuli la buni, punje zinagandana, hazishuki kwenye meno, na kinu kinazunguka kitupu. Mimi iliyokaangwa sana naiacha kwa ajili ya kinu cha mkono na dele (birika la kuchemshia kahawa), na mashine naipa ya kahawia, kavu ukiishika. Iwe ya Kilimanjaro, ya Mbinga au ya Kagera hilo ni la ulimi wako. Mashine inatazama mafuta na unyevu tu.

Na unyevu kwetu haukosekani. Kuanzia Machi mpaka Mei, masika ikishapiga, buni iliyoachwa kwenye bakuli la mashine usiku kucha hunywa unyevu wa hewa, na ikisagwa hutoka unga unaoshikana. Weka ya siku moja tu. Inayobaki itie kwenye kopo lenye mpira mdomoni, kabatini. Friji ni mtego: ukilitoa kopo likiwa baridi na kulifungua kwenye hewa yetu, maji yanajikusanya juu ya punje hapo hapo.

Kuna aina ya bei nafuu isiyokuwa na meno, ina bapa linalozunguka ndani ya kikombe, na maji ya moto hupita humo humo. Hiyo haina koo refu la kuziba, lakini lazima ioshwe kila upishi, na kikombe kikauke kabisa kabla ya kutiwa buni. Kikiwa na maji hata kidogo, unga unapanda kwenye kuta na bapa linakata hewa.

Kinu kinaunguruma kisha kinakwama

Zima haraka. Mota inayolazimishwa huungua kwa muda mfupi tu.

Aghalabu ni kijiwe. Buni iliyoanikwa chini huokota changarawe, na buni ya kupima kwa kilo haichaguliwi sana. Chomoa plagi, mimina buni yote, fungua meno ya juu (kwa kawaida unayazungusha kinyume cha saa, au kuna mshikio wa kuinua), ugeuze mashine na kuigonga kwa kiganja. Chembe iliyobana kati ya meno itoe kwa ncha ya kijiti cha mti; kisu kinaacha alama. Unaporudisha meno hakikisha alama zake zimekutana, maana yakikaa upande kinu kitapiga kelele ya chuma na unga utatoka na vipande vizima. Tangu hapo, kila buni imwage kwenye sinia na uichague kwa mkono kabla haijaingia mashineni.

Wapo wanaoshauri kusaga mchele mkavu ili kuondoa mafuta kwenye meno. Mchele mbichi ni mgumu, unaielemea mota na wanga wake unabaki. Brashi inatosha.

Karafuu, iliki na tangawizi

Hili halimo katika kitabu chochote cha mashine, kwa sababu waliokiandika hawanywi kahawa kama sisi. Mtu huona kinu, akatia buni na karafuu mbili tatu na iliki humo humo. Siku ya mwanzo kahawa inanukia vizuri. Lakini karafuu imejaa mafuta, na mafuta hayo hayatoki kwa brashi. Mwezi mzima kila kahawa itakuwa ya karafuu, utake usitake. Tena mafuta ya karafuu huzidhuru baadhi ya plastiki, zikafifia na kupata nyufa, na bakuli la buni mara nyingi ni la plastiki angavu ya namna hiyo. Iliki ina ganda lenye nyuzi zinazojizonga kwenye meno. Tangawizi kavu ni zaidi: ngumu, na ya nyuzi.

Viungo vitwange pembeni, visiwe laini sana, uvitie juu ya unga kwenye kikapu kinu kikishanyamaza. Mashine isiyokupa nafasi kati ya kusaga na kupika, viungo vitie kwenye chupa ya chai umiminie kahawa juu yake, uifunge dakika chache. Ladha yake ni nzuri zaidi hivyo, kwa maoni yangu.

Kahawa nyepesi, kahawa chungu

Kama koo ni safi na kahawa bado nyepesi, pima. Lita moja ya maji inataka kama gramu 60 za buni, karibu vijiko 12 vya chakula vilivyosawazishwa. Namba zilizochorwa kwenye birika huwapoteza watu: "kikombe" cha alama hizo huwa mililita 125 hadi 150, hakilingani na kikombe cha chai cha nyumbani wala na kile kidogo cha baraza. Birika la vikombe 12 linabeba maji karibu lita 1.8, yaani buni zaidi ya gramu 100, na vinu vingine havisagi kiasi hicho kwa mara moja. Hapo pika nusu birika, utapata kahawa ya haki.

Usagaji nao una kipimo. Unga wa mashine ya kuchuja unatakiwa uwe kama mchanga mkavu wa pwani, chembe zake zinahisika kwenye vidole. Mkubwa zaidi ya hapo, maji yanapita bila kuchukua kitu. Mdogo zaidi, yanakawia na kahawa inakuwa chungu.

Lakini baadhi ya hawa wanaosema "nyepesi" hawana mashine mbovu. Wanalinganisha na kahawa chungu ya Jaws Corner, baraza maarufu la Mji Mkongwe, iliyochemshwa kwenye dele juu ya mkaa bila kuchujwa. Karatasi ya chujio huzuia mafuta na vumbi la kahawa, na maji hupita mara moja tu kwenye nyuzijoto kama 92 hadi 96. Hata uongeze buni namna gani, mashine hii haitokupa ile. Ukitaka ile, kaa barazani.

Uchungu wa kuungua ni jambo jengine. Huo unatoka kwenye sahani ya moto iliyo chini ya birika. Kahawa ikikaa hapo saa mbili inaendelea kuiva mpaka inakuwa kama dawa. Ihamishie kwenye chupa mara ikishashuka.

Inafurika, machicha yanamwagika

Swali la kwanza: umetia kahawa ya unga ya dukani? Ile inayouzwa kwa ajili ya dele imesagwa laini mno, kwa sababu huko inachemshwa na mashapo yanaachwa yakae chini. Ukiitia kwenye karatasi inaziba matundu, maji yanajaa kikapuni na kufurika hadi kwenye meza.

Kama unatumia buni uliyoisaga humo humo, kitazame kizibo cha chini ya kikapu, kile kinachoinuliwa na mfuniko wa birika. Birika likikaa upande au likiwekwa bila mfuniko wake, kizibo hakifunguki. Kibonyeze kwa kidole chini ya mfereji. Kikiwa kizito kina mafuta ya kahawa yaliyoganda, kiroweke kwenye maji ya moto na sabuni. Karatasi iliyojikunja upande mmoja hufanya hivyo hivyo.

Maji yanapanda kwa kukohoa, au hayapandi

Ndani hamna pampu. Maji yanashuka kutoka tangini, yanapita valvu ndogo ya njia moja, yanaingia kwenye bomba jembamba lililogandishwa na hita, na yanapochemka mapovu yake ndiyo yanayoyasukuma juu mpaka kwenye kichwa cha kunyunyizia. Chokaa kidogo tu kwenye bomba hilo inatosha kuvuruga kila kitu.

Na chokaa tunayo. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya chini ya ardhi yakipita humo huibeba. Tazama birika lako la umeme: ule utando mweupe wa chini ndio unaojenga ndani ya mashine usikoweza kuona. Dalili zake huja kwa mpangilio. Kwanza upishi unachukua muda mrefu zaidi. Halafu mashine inaanza kukohoa na kutoa mvuke mwingi, maji machache. Halafu kahawa inakuwa vuguvugu. Mwisho inajizima katikati, maji yakiwa bado tangini.

Kabla hujailaumu chokaa, angalia inasumbua wakati gani. Ikiwa asubuhi inapika upesi na magharibi, watu wote wamewasha majiko na pasi, inakawia, basi umeme umeshuka. Volti zikianguka kutoka 230 hadi 190, hita inabakiwa na theluthi mbili ya nguvu zake. Hapo siki haitosaidia kitu. Subiri, au tumia stebilaiza inayoweza kubeba wati za mashine. Ikiwa inakawia saa zote, ni chokaa.

Tia tangini siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili. Siki ya rangi usiitumie. Ndimu inafaa pia, ikamuliwe na kuchujwa kwa kitambaa mara mbili, kwa sababu nyama yake inaweza kuziba valvu na ukawa umeongeza ugonjwa. Kama mashine ina chujio la mkaa tangini, litoe kwanza. Zima kinu, washa, na birika likifika nusu zima, uache nusu saa nzima maji makali yakiwa ndani ya bomba. Washa yamalizike. Mara ya kwanza utaona vipande vyeupe birikani. Vimwage, urudie mpaka visitoke. Kisha maji matupu, matangi mawili au matatu, mpaka harufu iondoke. Dawa ya kufulia ya klorini isikaribie hapa: haiondoi chokaa, na ikikutana na siki hutoa hewa ya sumu.

Mashine ikishaziba kabisa, maji yanachemka lakini yanarudi tangini yakibubujika, valvu imekwama wazi. Hapo siki haipandi, kwa hiyo ijaze tangini ikiwa ya moto, uiache usiku mzima bila kuwasha, asubuhi igonge gonge ubavuni na ujaribu.

Kwa siku za mbele, maji yaliyochemshwa na kuachwa yatulie ni bora kuliko ya mfereji moja kwa moja, kwa kuwa sehemu ya chokaa imeshabaki chini ya sufuria. Chota ya juu. Maji ya mvua hayana chokaa kabisa, ukiyakinga baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo na kuyachuja. Ama kisima cha karibu na bahari chenye maji ya chumvi, usikitumie. Siki haitoi chumvi kwenye maji, na chumvi inakula hita na kutia kutu viungo vya umeme.

Maji chini ya mashine

Nyuma ya tangi kuna tundu dogo la kutolea maji yaliyozidi. Ukijaza kupita alama, yanatoka hapo, na wengi hudhani limepasuka. Jaza chini ya alama ujaribu tena. Kama bado, fundi afungue sahani ya chini atazame mipira miwili inayoingia na kutoka kwenye hita. Hukakamaa kwa joto na kupata ufa pale penye kibano. Ikatwe ncha na kubanwa upya, au ibadilishwe kwa mpira unaostahimili joto na unaofaa kwa chakula. Wa gari haufai.

Sisimizi na mende

Sisimizi wanafuata sukari iliyomwagika, futa, wataondoka. Mende ndio wabaya. Ndani ya mashine pana giza, joto na unyevu, na wanaingia kupitia matundu ya hewa ya chini. Wakishapata makao hufa juu ya bodi na kuifanya ijiwashe au ijizime yenyewe. Dawa ya kupuliza usiipulizie ndani, utakuja kuinywa. Mashine isiyotumika siku kadhaa ioshwe, ikaushwe, ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na mdomo ukazwe.

Inaangusha swichi kubwa, au inatekenya

Ukiigusa na kuhisi umeme unatembea kwenye vidole, iache hapo hapo. Ama soketi haina ethi, ama mtu ametia adapta ya miguu miwili kwenye plagi ya mitatu. Ikiangusha swichi ya nyumba kila inapowashwa, mara nyingi maji yameingia chini baada ya kufurika. Kausha siku mbili mahali penye hewa kabla hujajaribu tena. Ikirudia, hita yenyewe imepasuka ganda na haitengenezeki.

Imezima kabisa, hata taa hamna

Jaribu soketi kwa kifaa chengine, kisha fyuzi iliyomo ndani ya plagi. Zikiwa nzima, fundi atazame kwa mita ile fyuzi ya joto iliyolalia hita ndani ya soksi nyeupe. Hukatika mashine ikiwashwa bila maji au bomba likiziba chokaa, na ikishakatika hairudi. Bei yake ndogo. Tatizo ni kuwa baadhi ya mafundi wakiikosa huruka kwa kipande cha waya, mashine ikawaka, na mteja akafurahi. Mashine hiyo haina tena kitu cha kuizuia siku thermostati (swichi inayoikata hita ikishapata joto lake) itakapoganda, na itakuwa inapika peke yake alfajiri kwa mtego wa saa. Mwambie aandike namba zilizochapwa kwenye ile iliyokatika, nyuzijoto na ampea, alete inayolingana nazo zote mbili. Aifunge kwa kubana kwa koleo na si kwa kutia risasi, kwani joto la chuma cha risasi peke yake linaweza kuikata fyuzi mpya kabla mashine haijafungwa.